Kipindi Kimoja cha Mpira Mjini Lviv

Nilifika uwanja uitwao Ukraina, mjini Lviv nchini Ukraine, wachezaji wakitoka kwenda mapumziko. Nilikuwa safarini tangu alfajiri kutoka Kraków, Poland, nimelipia viza iliyonigharimu kuliko nauli zote za siku ile zikijumlishwa, na bado nikakosa dakika 45 za mchezo ulionivusha mpaka.

Chanzo kilikuwa saa. Sisi tuliolelewa na saa ya Kiswahili, tunapoishi Ulaya, huwa tunageuza hesabu kichwani mchana kutwa, saa 15 yao iwe saa tisa alasiri yetu, na hesabu hiyo niliifanya kwa uangalifu mkubwa. Nilichosahau ni kwamba Ukraine iko mbele ya Poland kwa saa moja. Simu nilikuwa nimeizima kwa kuogopa gharama za mtandao wa ugenini, nikawa nategemea saa ya mkononi iliyokuwa bado na majira ya Kraków.

Hata hivyo ningewahi, lau si mpaka. Kutoka Przemyśl nilipanda basi dogo hadi Medyka, upande wa Poland, ambako watu huvuka kwa miguu kwenda Shehyni, upande wa Ukraine, kupitia njia nyembamba iliyozungushiwa uzio wa chuma pande zote mbili. Foleni ilikwenda hatua moja na kusimama, kina mama wakisukuma mifuko kwa miguu, na hapakuwa na kivuli wala pa kukaa. Ilikuwa Septemba 2021, kwa hiyo pasipoti peke yake haikutosha. Ilihitajika pia bima ya matibabu ya UVIKO-19, nami nilikuwa nayo. Ofisa aliyenipokea aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamjibu kuwa ninakwenda kutazama mpira. Akataja timu kubwa za kwao, Shakhtar na Dynamo Kyiv. Nilipomwambia ni Karpaty, timu ya Lviv, mechi ya Ligi ya Pili, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nisimame kando akamwite mwenzake. Sikutukanwa wala sikuombwa chochote, ila nilisimama pale nusu saa nzima nikipitwa na watu niliokuwa nimewatangulia, pasipo mtu kuniambia kosa langu ni lipi.

Jibu ambalo wangelipata, kama wangeniuliza vizuri, lingeanzia Tanga. Mimi ni mtoto wa Mkwakwani, uwanja wa mpira wa Tanga. Nimelelewa katika hadithi za Coastal Union iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na mwaka 2016 niliishuhudia ikishuka daraja pamoja na African Sports na Mgambo, timu zote tatu za mkoa kwa mkupuo mmoja. Nikasoma kwamba Karpaty ilitwaa Kombe la Kisovieti mwaka 1969 ikiwa timu ya daraja la pili, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya daraja hilo iliyolifanya, na kwamba mwaka 2020 iliondoka Ligi Kuu ikaangukia Ligi ya Pili, ambayo licha ya jina lake ndiyo ngazi ya tatu. Nilitaka kuona ni nani wanaobaki majukwaani timu ikishafika huko.

Daladala ya kwenda Lviv, wao huiita marshrutka, ilisubiri ijae, na ilipojaa ikaendelea kujazwa. Dereva wa teksi wa mjini alinitoza hryvnia 300, fedha ya huko, kwa mwendo wa dakika chache, mara kadhaa ya bei ya tiketi ya uwanjani. Nililipa, kwa kuwa saa yangu ilinionyesha kwamba nimebakiwa na robo saa.

Getini alinisubiri kijana wa kwetu, mwanafunzi wa udaktari. "Shikamoo kaka," akasema, "mbona umechelewa hivi? Timu zimeshaingia vyumbani."

Uwanja umekaa ubavuni mwa kilima, miti ikiuzunguka, na majukwaa ni makubwa mno kwa ligi ile, lakini waliokuwapo walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wamevaa kijani na nyeupe, wakitafuna mbegu za alizeti kama sisi tunavyotafuna karanga. Mpira wenyewe ulikuwa wa nguvu kuliko ufundi. Mabeki walibutua mbele, mawinga walikimbia hadi pumzi zikawakauka, na kila kona ilipopigwa jukwaa zima lilisimama. Mzee aliyekaa kushoto kwangu alinimiminia mbegu kiganjani bila kuniuliza, akaandika 1969 kwa kidole juu ya goti lake, kisha 2-1, kisha akasema, "Moskva." Kijana wetu alinitafsiria: mzee alikuwa mtoto siku ya fainali ile ya kombe iliyochezwa Moscow, na tangu hapo hajaihama timu. Nilimwambia habari za Mkwakwani. Aliuliza kama watu waliendelea kwenda uwanjani timu iliposhuka. Nikamjibu kuwa baba yangu alikwenda kila mechi hadi ilipopanda tena mwaka 2018. Mzee akanipa mkono.

Kurudi hakukuwa na tatizo lolote.

Februari 2022 vita vilisimamisha ligi, na kijana wetu akatembea kwa miguu kuja Medyka kwa njia ileile, katika foleni iliyomkesha siku mbili kwenye baridi. Nilimpokea upande wa Poland nikiwa na chupa ya chai. Simu yake ilikuwa imezima. Baada ya salamu aliniuliza saa ngapi, ili ajue kama nyumbani Tanga mama yake bado yuko macho.