Siku moja maishani mwangu: mvua ilivyotukutanisha mlangoni pa Boma la Kale

Saa 11 alfajiri. Naamka Mbagala, nje mvua imeshaanza, masika haya ukijichelewesha kidogo tu umekwama njiani. Kazi yangu natembeza wageni mjini Dar es Salaam kwa miguu, kutoka Feri mpaka Kariakoo, huu mwaka wa sita. Leo nilikua na wageni watatu, wamebuku tangu wiki iliyopita.

Saa 1 asubuhi niko kwenye gari, nimesimama mpaka Posta.

Saa 3. Wageni wametuma meseji, hawaji, mvua. Kwa kweli iliniuma maana hela ile nilishaipangia, mtoto anadaiwa ada. Nikanywa chai ya rangi na chapati moja kwa mama ntilie, nikaamua nirudi zangu nyumbani.

Saa 4 kasoro mvua ikamwagika, yani huoni hata pantoni kule baharini, nikakimbilia mlangoni pa Boma la Kale, pale Sokoine Drive. Nikakuta watu wamejibanza: mzee mmoja kavaa kofia ya kiua, mama na beseni lake la samaki, kijana wa boda, na binti wa chuo kakumbatia begi kifuani. Hakuna anayemjua mwenzie, kila mtu na simu yake. Mzee akaliangalia lile lango, akasema tu, "Mjerumani alijenga bwana."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia shikamoo baba, hili sio la Mjerumani, Mjerumani kalikuta limesimama. Ni la Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, miaka ya 1860, alitaka mji wake mpya hapa jirani na kijiji cha Mzizima, hili likawa la kufikia wageni wake. 1870 akafariki, na Barghash aliyemrithi hakua na habari na huu mji, ukalala miaka na miaka mpaka Wajerumani walipokuja 1887, na 1891 ndo wakahamishia makao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Kijana wa boda akazima simu. "Kwa hiyo mji mkuu ulikua Bagamoyo?" Ndio mdogo wangu, Bagamoyo.

Sasa nikawa nawaelezea ukuta, kwamba ni mawe ya matumbawe na chokaa, yule mama akaweka beseni chini akapapasa pale lipu ilipobanduka. Akasema, "Mwanangu, hii chokaa naijua. Babu yangu Mafia alikua anachoma." Tukamgeukia wote. Akatuelezea tanuu linavyopangwa, magogo chini kwa duara, matumbawe juu, moto unawaka usiku kucha, halafu unayaacha mawe yapigwe na mvua mpaka yalainike yawe unga. Na boriti za mikoko kutoka Rufiji, ndo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba, chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Mi nimelipita lile jengo miaka sita na hiyo ya mvua sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Saa 5 mvua ikapungua na hakuna aliyeondoka. Binti akauliza, "Kuna nini kingine karibu?" Basi tukatembea, hatua chache tu, nikawaonyesha Atiman House, nikawaambia habari za Adrian Atiman, mtoto wa huko Mali aliyeibiwa akauzwa utumwani, mapadri wakamkomboa, akasomea utabibu Malta, akaja kutibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki 1956. Binti anasomea uuguzi, akasimama pale muda mrefu.

Mbele kidogo kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililomalizika 1902, hapo sikuongea sana maana zamu ilikua ya mzee. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 alikua na miaka sita, baba yake kambeba mabegani kwenye umati uwanjani, anasema taa zilizimwa, giza kabisa, zilipowaka tena bendera ya Mwingereza haipo, yetu iko juu. Akasema anachokumbuka zaidi ni shingo ya baba yake ilivyokua inatetemeka, ye alidhani baba anasikia baridi. Yule mama akamshika mkono.

Saa 7 tukaagana. Kijana wa boda akampeleka mzee kwake Ilala, hela akaikataa. Binti akachukua namba yangu, Jumamosi anakuja na wenzake kumi. Mama akanifungia vibua vinne kwenye mfuko, nikamwambia mama hiyo ni biashara yako, akasema, "Chukua, watoto wale."

Saa 2 usiku. Vibua vimekaangwa vimeliwa. Nimekaa na daftari langu la kazi naandika kabla sijasahau: magogo, matumbawe, moto usiku kucha, mvua.