Blanketi la Bibi na Kipeo cha Sifuri

Jaribio nililorudishiwa wiki ya kufunga shule lilikuwa na alama 11 kati ya 50. Palipoandikwa tano kwa kipeo cha sifuri mimi nilijibu sifuri, na mwalimu alikuwa amelizungushia jibu langu duara jekundu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nilikuwa kidato cha pili, Mbeya mjini. Wenzangu walikuwa wakiimba "chochote pawa ziro ni moja" kama salamu ya asubuhi (isipokuwa sifuri yenyewe, lakini hilo hakuna aliyetuambia).

Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa ni kanuni, kariri. Simlaumu sana mwalimu, tulikuwa 80 na ushee darasani. Ila akili yangu ilikataa. Kama kipeo ndicho kinachosema namba ijizidishe mara ngapi, basi tano isiyojizidisha kabisa imeitoa wapi hiyo moja? Na hilo lilikuwa kosa la heshima. La aibu ni lile la mbili kwa kipeo cha tatu, ambapo niliandika sita.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa kwa bibi, Tukuyu. Coaster ilipita Uyole, Igawilo, ikapanda Isyonje kwenye ukungu, na tulipofika Kiwira dirisha langu lilikuwa linatiririka maji. Baridi ya Tukuyu mwezi huo haielezeki kwa mtu wa Dar. Ni mvua nyembamba isiyokata, na nguo zinaanikwa juu ya moto jikoni.

Bibi alipokea sukari, akasema "Ndaga, mume wangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, halafu akanitupia blanketi la kijivu lenye tundu pembeni. "Likunje mara mbili ndipo ujifunike. Utapata manne."

Nikakunja. Kweli, manne. Nikakunja tena mara ya tatu, nikibashiri sita, maana mbili mara tatu ni sita. Nikahesabu tabaka kwa kidole upande wa pindo: nane. Nikarudia nikidhani nimeruka. Nane. Nilikaa kitandani nikilitazama lile rundo. Mkunjo ule haukuwa umeongeza tabaka mbili. Ulizichukua zote nne zilizokuwepo, ukazirudia.

Nikalipeleka jikoni. "Bibi, kabla sijalikunja yalikuwa mangapi?"

"Umelewa? Lilikuwa moja. Ulitaka lisiwepo?"

Akaendelea kumenya ndizi. Mimi nilibaki nimesimama na moshi machoni. Sifuri ilikuwa hesabu ya mikunjo! Blanketi lenyewe lilikuwepo muda wote. Sijalikunja hata mara moja, kwa hiyo ni moja. Nilichokosea ni kudhani kipeo kinaanzia hewani, kumbe kinaanzia kwenye kitu kimoja, ndipo kuzidisha kufuate.

Siku hizi, nikikaa na vijana wa ndugu zangu, nawapa gazeti walikunje wenyewe. Wengi hukwama mkunjo wa sita au wa saba, wakagombana nani ana nguvu. Hapo huwasimulia habari za Britney Gallivan, msichana wa Marekani ambaye mwaka 2002, akiwa bado sekondari, alikunja karatasi ndefu ya chooni mara 12. Hizo ni tabaka 4,096. Huwa hawaniamini mpaka wazidishe wenyewe.

Lakini usiku ule sikuwa na habari za Marekani. Bibi alipokuja na koroboi kuangalia kama nimelala, alilicheka blanketi lililokunjwa mara tatu, limenifunika tumbo tu kama mto. "Umelinenepesha mpaka limekwisha. Miguu utaifunika na nini?"

Ndipo nikaona upande mwingine wa jambo. Unene ulikuwa umepanda mara nane, na eneo lililofunikwa limebaki moja ya nane. Mbili kwa kipeo cha tatu juu ya godoro, na pale miguuni mbili kwa kipeo cha hasi tatu, kile ambacho kwenye jaribio sikukigusa kabisa. Ukizidisha nane kwa moja ya nane unarudi kwenye blanketi lile lile.

Nikaanza kulikunjua taratibu, nikihesabu kwa sauti ya chini: nane, nne, mbili. Mkunjo wa mwisho ulipofunguka, tundu likaangukia kwenye kidole gumba cha mguu.