Siku yangu moja labo, Bukavu

Saa 11:30 alfajiri. Balbu imezimika. Kadutu umeme ukiondoka usiku, mimi siwazi chaji ya simu, nawaza inkubeta, kabati la joto la labo: sahani zangu za jana za kuoteshea bakteria zimo ndani na zinataka nyuzi 35 mpaka asubuhi.

Saa 1. Nashuka kwenye pikipiki. Mlinzi ananiwahi: "Dada, jenereta iliwaka saa nane." Kipimajoto kinasema 35. Aksanti.

Saa 2. Chupa za damu zinafika kutoka wodini. Utafiti wetu unataka damu ya mwenye homa kali ivutwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, na mtu mzima atoe mililita 8 hadi 10. Moja ya leo ina kama 3. Bakteria ndani ya damu huwa wachache mno, pengine hata mmoja kwa mililita hawafiki, kwa hiyo damu kidogo ni kama kutupa wavu ziwani na kuuvuta kabla haujazama. Nilitaka kugomba. Kumbe mgonjwa ni mzee aliyeishiwa maji, mshipa hauonekani. Nikanyamaza.

Saa 3. Sahani. Saa niipendayo kuliko zote. E. coli, bakteria kutoka damu ya mama mmoja, imetanda kama zulia, na juu yake jana nilipanga diski za karatasi zenye dawa. Dawa ikifanya kazi, diski huzungukwa na duara tupu, nami nalipima kwa rula. Seftriaksoni: milimita 6. Diski yenyewe ni milimita 6, yaani duara hakuna! Kuanzia 19 kushuka tunaandika "sugu". Sefotaksimu peke yake 9. Ikitiwa asidi ya klavulani, inayozuia vimeng'enya vya bakteria, 24. Tofauti ya 5 tu ingetosha kuonyesha kwamba bakteria hawa wana kimeng'enya kinachovunja dawa za ukoo wa seftriaksoni na sefotaksimu. Meropenemu, 28. Hiyo bado inawaweza.

Na mama yuko siku ya tatu ya seftriaksoni.

Saa 4. Napigia wodi. "Dada, meropenemu ni bei kali," daktari anasema. "Piperasilini-tazobaktamu haitoshi? Hiyo tunayo." Juu ya simu tumebandika matokeo ya jaribio la MERINO la 2018, lililofanywa kwa wagonjwa wa aina hii hii. Namsomea: ndani ya siku 30 walikufa asilimia 12.3 ya waliopewa piperasilini-tazobaktamu, na 3.7 ya waliopewa meropenemu. Kimya. Kisha: "Sawa. Nitaongea na familia."

Saa 7. Bugali na sambaza, nimesimama.

Saa 9. Simu za siku ya 28. Kila aliyekubali kuingia kwenye utafiti tunamtafuta baada ya wiki nne. Wa kwanza hapatikani. Wa pili, mtoto wake anasema baba amerudi Walungu, na mtandao huko ni mpaka upande mlima. Wa tatu anapokea mwenyewe, kelele za soko nyuma yake, ananihimiza niseme upesi ana wateja.

"Homa haijarudi, mama?"

"Homa gani tena? Viazi vyangu vinaoza hapa!"

Naandika: hai.