Siku moja chumba cha eksirei: mguu wa mtoto wa Mpwapwa

Saa 11 na nusu alfajiri naamka. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba unakata, koti juu ya koti, boda mpaka kazini hospitali, mimi ndo mpiga eksirei.

Saa 1 nawasha mashine, napangusa vumbi, huku kwetu linaingia hata palipofungwa.

Saa 3 kaja bibi toka Mpwapwa na mjukuu wake wa miaka 7, dogo anachechemea. Nikamsalimia bibi kwa Kigogo, mbukwenyi, uso ukafunguka. Anasema wiki 6 mtoto kapewa dawa za usaha wa mfupa kituo kimoja na maumivu yako palepale. Fomu inasema piga muundi, nikapiga, kuna tundu jeusi, ila chini kabisa ukingoni mwa picha nikaona kama kuna tundu lingine limekatika nusu, nikamwita daktari wa radiolojia akasema piga mguu mzima mpaka vidole. Matundu manne! Yote mguu mmoja, wa pili msafi kabisa.

Hapo ndo unaanza kuwaza uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya mfupa. Kwa watoto ni nadra sana, ndo maana watu wanawaza usaha, TB, selimundu, na wako sahihi kuanzia huko maana hayo ndo tunayoyaona kila siku. Lakini baadhi ya uvimbe huu huota sehemu kadhaa za mguu au mkono uleule, sasa ukipiga panapouma tu kidokezo kimekupita. Kuna hemanjioma, hiyo si saratani, nyingi hazina shida, kwenye pingili za mgongo unaona mistari ya wima na kwenye siti skani inakuwa vidoti vidoti. Kuna anjiosakoma, hiyo ni saratani kali. Kuna na ugonjwa walioueleza madaktari Gorham na Stout mwaka 1955, mfupa unayeyuka taratibu mpaka unapotea. Picha peke yake haimalizi ubishi, lazima kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kiende maabara, na daktari anayekikata ajue mapema kwamba hapo panaweza kuvuja damu nyingi.

Saa 6 MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha uboho na nyama za pembeni bila mionzi. Watoto wengi tunawalaza usingizi kwa dawa wasitikisike, huyu nikaomba tujaribu bila, tukacheza mchezo wa kutulia kama sanamu nje karibu nusu saa, nikamgongea meza azoee kelele, bibi akavua bangili akamshika mkono. Dakika 40 hajatikisika! Nilitamani kumbeba.

Saa 9 bibi kaniuliza, "Ni saratani, baba?" Nikamwambia bibi yangu, bado hatujajua, daktari atakaa na wewe akueleze kila kitu. Akakaa naye kweli, kwa Kigogo, bila haraka.

Saa 11 jioni natoka, dogo kapata kitanda, kinyama Alhamisi, na damu ya akiba imeshaombwa.