Vyuma vya kitandani jamani
Nafanya kazi nyumba ya wazee huku Marekani, juzi usiku nimemkuta bibi mmoja mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) kaingia kwenye upenyo kati ya godoro na chuma cha pembeni ya kitanda, kifua kimebanwa, tukamtoa, mzima ashukuriwe Mungu, ila mi bado natetemeka. Familia ndo waliomba vyuma ati asianguke, naelewa ni mapenzi, lakini wengine hupanda juu ya chuma wakaanguka vibaya zaidi. FDA (mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba) waliripotiwa watu 803 kunaswa hivi kuanzia 1985 hadi mwanzo wa 2009, 480 wakafa!! Ombeni kitanda kishushwe chini kabisa na mzee apelekwe chooni mapema, wengi wanahangaika usiku sababu ya haja ndogo tu