Bariki Donati Hizi

Ndugu na dada, juma hili nimekaa na Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo cha Kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Nimesoma sehemu ya 59, ufunuo uliotolewa Missouri mwezi wa Agosti 1831 kuhusu Sabato na kufunga. Mstari wa 15 unatukataza kicheko kingi, kwamba ni dhambi, lakini papo hapo unatutaka tuwe na moyo wa furaha na uso mchangamfu. Wako wanaoishia nusu ya kwanza, wakakaa kanisani wamekunja uso kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Niseme tu kwamba Joseph Smith mwenyewe, nabii wa kwanza wa Kanisa, katika historia yake, anajieleza kuwa mchangamfu kwa asili.

Wenzetu wa Utah, kule Marekani, walioishi na Kanisa hili vizazi na vizazi, wana utani wao, na wanaotaniwa ni wao wenyewe. Wanaicheka jeli yao ya kijani. Mwaka 2001 jimbo lilitangaza Jell-O, jina la kibiashara la jeli hiyo, kuwa kitafunwa chake rasmi, na hilo si mzaha. Wanavicheka viazi vya msibani, vile vinavyokwaruzwa, vikachanganywa na jibini na supu nzito ya kuku ya kopo, kisha vikanyunyiziwa konfleksi juu na kuokwa. Kina mama wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa Kanisa, huwapikia wafiwa. Na kwa kuwa hawatukani, mtu akijigonga kidole kwa nyundo huishia kusema "heck", neno la Kiingereza lililolainishwa badala ya tusi, uso umemwiva.

Utani wa sala ndio ulionishika. Shughuli imekwisha, meza imejaa donati zenye sukari ya kung'aa, na ndugu mmoja anaombwa abariki. Anafumba macho, anamsihi Baba wa Mbinguni vyakula hivi vilishe na kuimarisha miili yetu. Donati! Mwingine anamaliza jioni ya familia, kikao cha nyumbani cha kujifunza na kusali, sebuleni kwake kwa kuomba kila mtu afike nyumbani salama, na watoto wote wamekaa pale pale, wamevaa nguo za kulalia.

Nilicheka, kisha nikafungua Mathayo 6:7, Bwana anapotuambia tusipayuke-payuke tunaposali. Anayetania sala ya donati hamdhihaki Mungu. Anatuonyesha kwamba midomo yetu imeshaizoea njia, inakwenda yenyewe. Na tusiwacheke wa Utah peke yao, maana na sisi tukianza "asante kwa siku ya leo" tunafika "amina" bila kujua tumepita wapi.

Ndiyo maana nampenda J. Golden Kimball, mhubiri wa zamani wa Kanisa letu. Baba yake, Heber C. Kimball, alikuwa mshauri wa Brigham Young, Rais wa pili wa Kanisa. Baba huyo alipofariki mwaka 1868, kijana Golden akaenda kuendesha nyumbu, na lugha ya nyumbu haikumtoka tena. Aliitwa katika uongozi wa Sabini, mojawapo ya ngazi za juu za viongozi wa Kanisa, mwaka 1892 na alitumikia mpaka ajali ya gari ilipomuua mwaka 1938. Alihubiri kwa sauti yake nyembamba, na neno la matusi lilimponyoka mimbarini. Husimuliwa kwamba Heber J. Grant, Rais wa Kanisa wakati huo, akiogopa ulimi huo redioni, alimwandikia hotuba ya kusoma. Mzee akahangaika na karatasi mbele ya maikrofoni, akashindwa, akamwambia rais wake kwa lugha ile ile ya nyumbu kwamba mwandiko wake hausomeki. Huenda simulizi imetiwa chumvi. Mimi siwaombi mtukane. Naona tu kwamba watu walimwamini kwa sababu alichosema kilikuwa chake.

Basi juma hili, ukiombwa kubariki chakula, angalia kwanza meza kabla ya kufumba macho. Kama ni mandazi na soda, mshukuru Mungu kwa mandazi na soda, na kwa dada aliyeamka alfajiri kukanda unga. Habari ya kuimarisha miili, siku hiyo tuiache.