Walikuwa Weusi Sana

Nilimwambia ahsante. Tangu Jumanne naligeuza neno hilo kichwani, na kila nikiligeuza linazidi kunikera.

Picha ya babu mnaijua, maana kila Ramadhani nawasumbua nayo. Meli yenye ubavu wa kutu, na juu ya sitaha askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, wamebanana kama dagaa juani, kofia pana zimewafunika nusu ya nyuso. Nyuma pameandikwa kwa penseli "Kilindini 1943". Mwandiko si wa babu, kwa sababu babu alijifunza kuandika uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima. Mama ameitunza miaka yote chini ya sanduku lake, ndani ya kanga aliyoolewa nayo, lakini mende hawajui heshima ya kanga. Wamekula kona moja. Ndiyo maana Jumatatu nikaipeleka studio moja hapa mjini, kwa kijana anayesafisha picha kwa kompyuta. Jumanne jioni nikaifuata.

"Shikamoo mama. Imetoka safi hiyo."

"Marahaba. Hebu nione."

"Kona nimeijaza, mikunjo nimeitoa. Halafu hawa wazee nimewang'arisha kidogo, maana walikuwa weusi sana."

"Ahsante, mwanangu."

Ahsante, mwanangu! Nikahesabu elfu kumi na tano, nikapokea bahasha, nikamwombea na riziki njema juu yake.

Kituoni ndipo nikaitoa nikaitazama sawasawa. Babu yangu, mtu wa Handeni, mweusi wa kung'aa mpaka bibi alikuwa akimwita Kaniki, amekuwa rangi ya chai ya maziwa. Na si yeye peke yake. Sitaha nzima ni chai ya maziwa, kama watoto wa baba mmoja. Bahari nayo imetiwa buluu ya sare za harusi.

Majibu yakaja baadaye, kama ilivyo kawaida ya majibu. Jumatano, bafuni: "Weusi sana kuliko nani?" Kwenye daladala: "Na wewe, mwanangu, umejitazama?" Maana kijana mwenyewe ni mweusi vilevile kama babu, tena mzuri, na hilo ndilo linalonichanganya zaidi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema wali ulikuwa na mawe, nimeyatoa. Na mimi, ambaye Kidato cha Tatu B hawajawahi kunishinda kwa maneno, nikasema ahsante.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo: mkuu mpya wa shule ameripoti, binti amepata chuo Morogoro, upepo umeondoka na bati mbili za jikoni. Yote nimeyapokea kwa utulivu. Nimekwama kwenye "walikuwa weusi sana".

Kinachoniuma nadhani nakijua. Watu wale walishafutika vya kutosha. Kaka yangu bado anashikilia kwamba meli hii ndiyo Khedive Ismail, na nimeshachoka kumwambia siyo. Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache mno. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Waliotoka hai ni 214. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la vijana wa mizinga wa huku kwetu Afrika Mashariki, kikosi cha 301. Na wale waliobahatika kuelea, manowari za Uingereza zilidondosha mabomu ya majini katikati yao, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Babu wakati huo alikuwa ameshavuka salama, yuko Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, akingoja kupelekwa vitani Bama, ndiyo Myanmar ya leo. Habari zikawafikia kambini. Mpaka anakufa hakuwahi kutia mguu baharini tena, mtu aliyezeekea Tanga.

Sasa mtu wa namna hiyo unamng'arisha wa nini?

Lakini subirini. Yule kijana alinipa na flashi, nikaitupa kwenye mkoba bila kuijali. Jana usiku, usingizi umegoma, nikaichomeka. Mna picha mbili: hiyo ya chai, na nyingine aliyoiskani kabla hajagusa kitu. Nikaifungua ya pili, nikaivuta, nikaivuta, nikateremka kutoka kwenye kofia ya babu mpaka begani, mpaka kwenye mkono wa kushoto, ambao kwenye karatasi siku zote umekuwa doa tu. Umeshika kitu. Umeshika kidole kidogo cha askari wa pembeni yake. Kidole kile cha mwisho tu, kama vijana wa kwetu wanavyoshikana wakitoka msikitini wakipiga soga. Bega moja lina bunduki ya mfalme wa Uingereza, na mkononi kidole cha mwenzake, wala hakuna anayemtazama mwingine.

Miaka arobaini naitazama picha hii sijakiona.

Nikacheka peke yangu gizani, na kucheka kukaniletea vidonge. Babu hakuwa msimuliaji wa vita. Alisimulia matope ya bonde la Kabaw kule Bama, ruba walioingia mpaka ndani ya buti, na vidonge vya malaria, mepakrini, walivyomezeshwa mbele ya sajini hadi viganja na macho yakageuka manjano. "Niliondoka hapa kaniki, nikarudi bizari," alikuwa akisema, na bibi akicheka mpaka anashika ukuta. Kumbe kijana wa studio si wa kwanza kumbadilisha babu rangi. Hilo ningemjibu pale pale kaunta, tungecheka wote wawili, na picha angeirudisha. Lakini sikulikumbuka.

Jumatatu narudi. Nataka anichapie ile ya pili, kubwa, nyeusi hivyo hivyo, kidole kionekane hata kwa mtu aliyekaa mlangoni. Kama nitamwambia hilo jingine, sijui. Akiniamkia nitaitikia, halafu tutaona.

Saa hizi ni saa tano usiku na luku inasoma uniti nne. Kwenye friji mna kilo sita za samaki wa hitima ya bibi, Jumapili. Kaka aliahidi kutuma hela ya umeme tangu asubuhi, na simu yake haipokelewi.